Mstari mweusi si sababu ya kutoa kizibo cha jino

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu meno yaliyozibwa. Fedha za korosho zikianza kuingia, wapo wanaotoka Tandahimba, Newala hata Nachingwea kuja mjini kutengeneza meno, na wengine huambiwa kizibo cha zamani kimeharibika, kitolewe chote, kwa kuwa tu pembeni pana mstari mweusi. Hilo tunalipinga.

Weusi peke yake si kuoza. Amalgamu, yaani kizibo cha mchanganyiko wa zebaki na madini mengine, ikichakaa hulipaka jino rangi ya kijivu, na ukingo wa kompositi, yaani kizibo chenye rangi ya jino, hunywa rangi ya chai na tumbaku. Chini ya rangi hiyo jino laweza kuwa gumu kabisa. Cha kutafutwa ni ulaini, shimo au ufa mpana kati ya jino na kizibo.

Na ufa haupimwi kwa sindano kali. Sindano hunasa kwenye ufa wowote, penye kuoza na pasipo kuoza, na ikisukumwa kwa nguvu huvunja enameli (tabaka gumu la nje la jino) iliyokwisha kudhoofika. Kifaa kinachofaa ni kile chenye kitufe cha duara nchani, upana wa nusu milimita, kinachopitishwa taratibu kutoka kwenye jino kwenda kwenye kizibo na kurudi. Kitufe kikizama, ukingo unahitaji kutengenezwa. Kisipozama na jino likawa gumu, pasafishwe, paangaliwe tena baadaye. Kipimo hichohicho ndicho kinachotumika kwa vizibo vya glasi ayonoma, aina ya saruji ya meno, vinavyowekwa bila mashine wala umeme, njia iliyoanzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980.

Kabla ya hapo ukoga uondolewe, pamba iwekwe upande wa shavu, jino lipulizwe hewa sekunde 5 hivi. Mate hujaza vitundu vya enameli inayoanza kuoza, ikaonekana nzima. Ikikauka, doa jeupe kama chokaa hujitokeza. Hatua hii ni rahisi, lakini foleni ikiwa ndefu ndiyo ya kwanza kurukwa.

Kioo cha kuangalia meno, hata hivyo, hakifiki katikati ya magego mawili, na huko chini karibu na fizi ndiko jino lililozibwa huanza kuoza upya mara nyingi. Hapo inatakiwa eksirei ya kung'ata, ambayo mgonjwa hubana kishikilio kwa meno na mwale hupita katikati ya meno. Mwale ukienda mshazari, meno hupandana kwenye picha na pale panapotafutwa hapaonekani. Picha ya namna hiyo irudiwe, isisomwe kwa kubahatisha. Amalgamu nayo hutoka nyeupe na kuficha kilicho nyuma yake. Chini ya kompositi, gundi iliyotuama huacha mstari mweusi wenye kingo kali. Kuoza huwa na kingo za ukungu na hutambaa ndani ya dentini, tabaka lililo chini ya enameli. Kulichanganya hili na lile ni kutoboa jino zima bure.

Vipo vifaa vya leza vinavyotoa namba ya kukadiria kuoza. Ni msaada tu, kwa sababu ukoga, madoa na hata dawa ya kusugulia meno hupandisha namba. Taa ya kumulika jino kwa nyuma ni nzuri kwa nyufa na meno ya mbele, ila haipenyi amalgamu. Jino linalouma mtu anapoachia baada ya kung'ata kijiti huenda lina ufa, hata kama picha ni safi.

Kila kizibo kinapotolewa, sehemu ya jino isiyooza huondoka nacho. Kwa hiyo mgonjwa aulize: je, ukingo pekee hauwezi kutengenezwa? Nasi watoa huduma tuandike kwenye daftari lake ni jino lipi, upande gani, lilizibwa kwa dawa gani na tarehe ipi, ili atakayemwona Masasi au Kilwa asianze kukisia.

Matabibu wa kinywa na meno,
Mtwara