Kila Ukiamka, Kunja Vidole

Mwanangu,

Simu ilikatika jana ukiwa bado unauliza, nami nikafurahi kimoyomoyo kwamba imekatika. Ulitaka kujua hii soriasisi, ugonjwa huu wa ngozi yenye mabaka na magamba, umeitoa wapi. Umeitoa kwangu. Baba yako mwache, kwao hakuna mwenye ngozi ya namna hii.

Kabla sijasahau: kila ukiamka, kunja vidole vyote kumi. Vikikakamaa nusu saa nzima, au kimoja kikavimba chote tangu shinani hadi kuchani, usiseme umelalia mkono. Nenda ukaonwe.

Lile baka la kiwikoni mwangu nililowaambia ni kovu la moto, si kovu. Nalo lilikaa miaka likipakwa dawa za mapunye, na kila mtu akinipa jina lake: mba, ukurutu, choa. Wewe umepata jina la ugonjwa wako ndani ya mwezi mmoja, tena umekwenda mwenyewe bila kusukumwa. Hapo umenishinda, na nimewaambia ndugu zako hivyo.

Ila umesema damu yako ni chafu, na hilo silikubali. Damu haina uchafu wowote. Kinga yako ya mwili ni kama mama yako: inapiga yowe na mwizi hayupo. Kuna chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Zikichochewa na kemikali ya mwilini inayoitwa intalukini 23, nazo humwaga nyingine, intalukini 17, na ngozi ikisikia hiyo inadhani imejeruhiwa, inaanza kujijenga mbiombio. Seli ya ngozi ya kawaida huchukua kama mwezi kuzaliwa chini hadi kupukutika juu. Yetu hufika juu kwa siku chache tu, haijakomaa, zinarundikana, ndiyo hayo magamba. Zamani wengi walidhani kosa ni la ngozi yenyewe. Mwaka 1979 ikaandikwa kwamba wagonjwa waliopewa siklosporini, dawa ya kutuliza kinga, ngozi zao zilisafika, na watu wakaanza kuitazama kinga. Siku hizi ziko sindano zinazozuia hizo intalukini moja kwa moja. Wakati wangu hazikuwapo. Uliza.

Sasa hili la kurithi. Jeni, yaani chembe ya urithi, inayojulikana zaidi inaitwa HLA-C*06:02, iko kwenye kromosomu ya 6, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, na ziko nyingine nyingi zinazosaidiana nayo. Lakini wengi wanayo hiyo jeni na hawaugui kamwe. Hata mapacha wa kufanana, mmoja huweza kuugua na mwenzake asiugue. Kwa hiyo mimi nilikupa kiberiti, sikukiwasha. Kilichokiwasha, naona, ni yale mafindofindo. Hivyo vidoa kama matone kifuani na mgongoni mara nyingi hufuata wiki mbili tatu baada ya bakteria wa koo, hasa kwa vijana wenye jeni hiyo. Nilikuambia koo likapimwe. Ukanijibu utasukutua maji ya chumvi. Haya.

Usijikune. Ngozi yetu ikichubuka, baka huweza kuota pale pale. Vidonge vya steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe, usimeze kwa kuambiwa na rafiki. Ukiviacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi na hasira. Wenzako wa chumbani wakilikwepa taulo lako, waambie haiambukizi, na asiyetaka kusikia mwache na taulo lake.

Narudi kwenye viungo, najua umechoka. Hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi, kinga hiyo hiyo hushuka kwenye maungio, na ikiachwa huyala, na kilicholiwa hakirudi. Tazama na kucha. Zikiwa na vitobo vidogo kama vya subana, mwonyeshe daktari hata kama haziumi. Zangu zilikuwa hivyo, nikazipaka rangi.

Cherehani nimempa dada yako. Niliwaambia macho yamechoka, lakini macho yangu ni mazima. Ni kidole cha kati, hakinyooki tena, na mkasi unanitoroka. Usimwambie, atairudisha.

Bati la upande wa chumba chako linavuja, fundi amekuja mara mbili kuangalia tu. Kitanda chako analalia mdogo wako, naye ameapa atakitoa ukirudi, usimwamini. Vyeti vyako nimevitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi ya kliniki, usije ukaifungasha chini kabisa ya sanduku kama ulivyofanya safari iliyopita.

Jumamosi nitakusindikiza mpaka kituoni. Njoo na mikono nje ya mifuko, nivione vidole.

Mama yako