Kaka, mama yuko wapi?

Kaka, shikamoo.

Simu zangu huzipokei tangu tulivyoachana pale stendi, kwa hiyo nakuandikia hapa. Wifi atakusomea.

Jumamosi nilipanda basi mpaka Gochang, kusini-magharibi mwa Korea. Pale Jungnim-ri yamehesabiwa makaburi ya mawe 442, yametanda chini ya kilima kama ng'ombe waliolala. Yana miaka zaidi ya elfu mbili, na tangu mwaka 2000 yamo kwenye Urithi wa Dunia. Wenyewe huyaita goindol. Upande huu wa kusini, mengi ni jiwe kubwa lililolazwa juu ya vijiwe vifupi, na marehemu yuko chini ya ardhi. Kule Ganghwa, karibu na Seoul, lipo moja lililoinuliwa kama meza, na lile la juu peke yake lina tani 50 hivi. Walivuta kwa kamba na mikono. Fikiria msiba ambao kila mwenye nguvu anaitwa kuvuta.

Lakini lililonitoa machozi ni seondol, maana yake jiwe la kusimama. Jiwe moja tu limesimikwa wima, halina jina wala nakshi. Mengine yako kando ya makaburi, na watafiti huyaona kuwa alama ya eneo la wafu. Mengine yako kwenye njia za kuingilia vijijini, na wazee walikuwa wakiyafunga kamba ya majani ya mpunga na kuyaomba kinga na watoto. Waliosimika mawe yale hawakutuachia hata herufi moja, na bado mimi mgeni nilijua pa kusimama nikanyamaza.

Nikakukumbuka wewe, kaka, siku ile nyuma ya migomba. Nilikuuliza mama yuko wapi. Ukatazama, ukapiga hatua mbili, ukarudi, halafu ukanyoosha mguu. Mguu! "Ni hapa, au pale penye mahindi." Mahindi yenyewe yalikuwa yamefika magotini.

Sisahau kwamba ni wewe uliyembeba mgongoni mpaka barabarani usiku ule wa mvua, ni wewe uliyeuza ndama. Mungu akulipe. Ila kuuguza ni kitu kimoja na kumpoteza aliyezikwa ni kingine. Hela ya saruji niliituma, ikaenda kwenye bati, na sikusema neno. Wala usiniambie tena kwamba aliyekuwa mbali hana sauti. Nauli ningeikopa kwa nani? Na mama mwenyewe ndiye aliyeniambia nisigeuke nyuma mpaka nimalize. Ulikuwepo, ulimsikia.

Sitaki marumaru. Usisubiri fundi wa vigae. Lile jiwe lake la kusagia ulezi bado liko chini ya mwembe? Lisimike wima upande wa kichwa. Kama hujui kichwa kiko wapi, muulize mama mdogo, alisimama pale pale akishika kanga yake mdomoni. Muulize mapema, macho yake yanaisha. Na msimu huu usilime hapo, hata mstari mmoja.

Disemba nakuja. Nitashuka kwa mama mdogo kwanza.

Mdogo wako