Difu inavuja? Kabla hujanunua sili angalia briza kwanza

Wateja wetu wengi hapa Arusha ni magari ya utalii, zile Land Cruiser ndefu zinazoshinda Serengeti na Ngorongoro wiki nzima, kwa hiyo difu inayovuja (difu ni lile boksi la gia kwenye ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu) tunakutana nayo kila mara na maneno ni yale yale, "fundi mbona sili imebadilishwa juzi tu na inamwaga tena?" Leo tueleze, maana mara nyingi sili haina kosa.

Sili ni mdomo wa mpira wenye springi nyembamba kwa ndani, kazi yake kuishika shafti inayozunguka ili oili ibaki ndani na vumbi libaki nje, basi. Haikuumbwa kuzuia presha. Sasa difu ikitembea inachemka, hewa iliyomo ndani inatanuka na inatakiwa itokee kwenye briza, kile kikofia kidogo juu ya ekseli ambacho madereva wengi hawajawahi hata kukiangalia. Kikiziba kwa tope la Ndutu au lile vumbi la kwenda Natron, hewa inatafuta njia nyingine na njia rahisi ni kwenye mdomo wa sili, inatoka na oili. Ukifunga sili mpya ukaacha briza imeziba umetupa hela. Kwetu gari ikiingia na malalamiko ya difu kitu cha kwanza ni kuchomoa briza tuipulize, na kama haipitishi hewa unaonyeshwa hapo hapo kabla hatujafungua nati yoyote.

Kuna na upande wa pili wa hiyo hiyo briza. Umetembea kilomita mia, difu ya moto, unaingia mtoni maji yakafika kwenye ekseli, difu inapoa ghafla na hewa ya ndani inasinyaa inavuta, kama briza imeziba au iko chini inavuta maji kupitia sili au popote inapopata. Ukifungua unakuta oili imegeuka chai ya maziwa. Oili ya hivyo haifai hata kama ni mpya, beringi zinaanza kula kutu, so gari inayovuka mito tunashauri paipu ya briza ipandishwe juu, ya difu ya mbele inapelekwa hadi kwenye chumba cha injini, ni kazi ndogo na bei yake ukilinganisha na krauni na pinioni, zile gia kuu za ndani ya difu, huwezi hata kuijadili.

Haya, tuseme briza iko poa na bado inavuja. Hapo inategemea inavujia wapi. Ukiona chini ya bodi kuna mstari wa oili umerushwa juu ya propela (ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka gia boksi), kuvuka gari upande hadi upande, hiyo ni sili ya pinioni, pale propela inapoungana na difu, flanji (kile kisahani kinachofungwa na propela) inaizungusha oili na kuirusha. Tunashusha propela kisha tunaishika flanji na kuitikisa, ikicheza juu na chini ujue beringi imechoka na sili yoyote utakayoweka itapanuka tena. Halafu flanji yenyewe, pitisha kucha pale sili inapokaa, ukucha ukinasa kwenye mfereji basi chuma kimeshaliwa, tunavalisha kola nyembamba au tunabadilisha flanji, msasa peke yake hausaidii. Na ile nati ya pinioni jamani siyo nati ya kukazwa kwa bomba refu na nguvu za kijana wa gereji. Difu nyingine zina bushi ndani inayokunjika kadiri nati inavyokazwa, ukipitiliza beringi zinabanwa kupita kiasi, difu inaanza kulia na baadaye inaungua, ndiyo maana tunapima ugumu wa kuzunguka kabla ya kufungua na tunarudisha kulingana na vile.

Sili za habu za nyuma, pale gurudumu linapofungwa, ndizo tunazoziogopa kuliko zote, kwa sababu oili ikipita pale inaingia kwenye breki. Gurudumu moja likilowa gari inavuta upande mmoja, sasa fikiria uko kwenye mteremko wa kushuka kreta na wageni sita nyuma. Ukiona oili kwa ndani ya rimu usiseme utamalizia safari kwanza. Na viatu vya breki vilivyokunywa oili ya difu tunavibadilisha, tafadhali usituombe tuvioshe kwa petroli.

Mbele kuna ujanja mwingine unaowachanganya watu. Unaona nako, kile kiungo kinachokata kona na gurudumu la mbele, imelowa, grisi imekuwa ya majimaji inateremka kwenye lile tufe la chuma, unaambiwa ubadilishe fefu, yaani sili za nje za nako. Mara nyingi imeoza sili ya ndani ya ekseli, oili ya difu imeingia kwenye nako ikachanganyika na grisi, na huku difu inabaki na oili kidogo bila tone kuonekana chini. Kutoa ile sili kwa kawaida tunafungua nako yote, kwa hiyo ukisikia tunataka siku nzima hatukuzungushi, na tukishafika huko ni vizuri beringi za nako na grisi vibadilishwe kwa pamoja.

Kuhusu kuongezea oili kila wiki ili mambo yaende, unaweza kufika nyumbani nayo ila usiifanye ndiyo matengenezo. Tumia ya 80W-90 au 85W-90 yenye alama ya GL-5, na kama difu yako ina sahani za kuzuia kuteleza tuambie mapema maana ina oili yake. Ukijaza mwenyewe gari iwe sehemu tambarare, oili ifike kwenye mdomo wa tundu la kujazia isizidi. Na fungua nati ya juu kwanza kabla ya ile ya kumwagia, kuna watu wamemwaga oili yote ndio wanagundua ya juu imeganda haifunguki na gari haina pa kwenda.

Bei kamili tunakupa baada ya kushusha propela au gurudumu, kwa simu tunaweza kukutajia ya sili tu. Halafu ombi moja, ukileta gari usiipitishe kuosha chini kwanza, tunajua unatuheshimu, ila ile oili iliyoganda na vumbi ndiyo inatuonyesha imeanzia wapi.