Kulenga shabaha Bisley, Jumamosi hii

Habari za jioni ndugu zangu. Tunakutana stesheni ya Brookwood saa 3 asubuhi (9:00). Treni zinatoka Waterloo.

1. Mchango pauni 40: bunduki ya .22 (ya risasi ndogo), risasi na mkufunzi. Mwisho Alhamisi, kwa mweka hazina.
2. Njooni na kitambulisho. Leseni ya silaha haihitajiki kwa mgeni, ila utasaini tamko la Kifungu cha 21 cha Sheria ya Silaha ya Uingereza, kwamba hujakatazwa kushika silaha. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi 3 au zaidi aniandikie pembeni kwanza. Sheria inaweza kumzuia kushika bunduki, na itabaki siri yetu.
3. Shati la shingo iliyofunga, maganda ya risasi huruka yakiwa ya moto!

Nani anakuja? Andikeni majina hapa leo. Wenye magari, semeni mna nafasi ngapi.