Jumamosi tunapiga dawa ya kantangaze, funza wa tungule (nyanya)

Assalaam alaykum wanakikundi. Jumamosi baada ya sala ya Alasiri tukutane kwenye matuta ya majaribio hapa Wete. Jioni tumeichagua makusudi: dawa moja ni Bt, ile ya bakteria, na jua kali huiharibu.

Matuta ni ya namna tatu: ya Bt, ya dawa mliyoizoea ya dukani, na yasiyopigwa kitu. Najua hayo ya mwisho yanawauma wengine (“tungule ziliwe tunatazama?”), lakini bila hayo hatutajua kama dawa ndiyo iliyoua au funza wamepungua kwa mvua tu. Tafadhalini, mtu asije usiku na bomba lake kuyaonea huruma.

Kabla ya kupiga tunahesabu. Linyanyue jani ulitazame juani: ukiona baka jeupe, jembamba kama karatasi, ndani mna kifunza na vinyesi vyeusi, huyo ndiye. Baka tupu usilihesabu.

Bt mpaka funza aile. Huacha kula kwanza, kufa ni baada ya siku kadhaa, kwa hiyo Jumapili asubuhi msianze kuandika humu “dawa feki”.

Vaeni mikono mirefu, glovu na barakoa. Watoto wabaki nyumbani. Tungule za matuta ya dawa ya dukani hazichumwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa, hata bei ikipanda vipi sokoni. Mwenye udhuru aseme mapema.