Kifungo cha nje kitumikiwe penye macho ya watu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kifungo cha nje, yaani adhabu mbadala ya kifungo gerezani, ambayo huku kwetu Mwanza tunaisikia kwenye hotuba kuliko tunavyoiona ikitumikiwa.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ilitungwa mwaka 2002. Inamruhusu hakimu, pale anapoona kosa linastahili kifungo kisichozidi miaka mitatu, kumwamuru mkosaji, kwa ridhaa yake, afanye kazi za umma bila malipo huku akilala nyumbani kwake, baada ya ofisa wa Huduma za Uangalizi kuchunguza mwenendo wake na mazingira anakotoka. Huo si msamaha, kwani anayekiuka amri hiyo hurudishwa mahakamani na anaweza kuishia gereza la Butimba.

Hata hivyo, tukimwona mtu aliyehukumiwa asubuhi akinywa chai mtaani jioni, tunasema amehonga. Siwalaumu wanaosema hivyo. Kama mkosaji anafagia ua wa ofisi nyuma ya geti, aliyeibiwa atajuaje kwamba mwizi wake anatumikia adhabu? Ndiyo maana napendekeza kazi hizo zipangwe mahali panapoonekana na penye shida ya kweli: kuzoa taka katika Mto Mirongo kabla mvua hazijazisukuma ziwani, kuopoa magugumaji kwenye mialo inakofikia mitumbwi ya wavuvi, kuzibua mitaro ya Mwaloni Kirumba. Kijana aliyekamatwa akivua kwa kokoro, wavu uliopigwa marufuku, akashindwa kulipa faini, atajifunza zaidi akisafisha mwalo alioudhuru kuliko akikaa miezi sita na wezi wazoefu huku mkewe akikopa unga (na familia huwa tunaisahau, kana kwamba kifungo ni cha mtu mmoja).

Linalonitia shaka ni usimamizi, maana ofisa mmoja hawezi kuwapo katika wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa wakati mmoja. Viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, na watendaji wa mitaa, ambao wanawafahamu wakosaji hao kwa majina, wapewe daftari la mahudhurio, na nakala yake ifike kwa ofisa na mahakamani kila wiki. Wasipewe, hata hivyo, mamlaka ya kupunguza siku, kwa kuwa hapo ndipo rushwa itakapopenya. Vilevile mkosaji asitumwe kuopoa magugumaji bila buti na glavu. Kichocho kipo ziwani, na mahakama haikumhukumu kuugua. Vifaa hivyo vinunuliwe na halmashauri inayonufaika na jasho lake.

Msomaji wako,
Ilemela, Mwanza