Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ombi la Kupanua Barabara Yetu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Usafi wa mitaro umefanyika, rambirambi zimefika kwa wote waliofiwa, ulinzi shirikishi unaendelea. Hayo mnayajua, sitayarefusha. Jambo kubwa ni barabara.

Yako maneno yanasemwa pembeni kwamba kamati imewasaliti wananchi kwa kuomba upanuzi wa sehemu tatu badala ya barabara nzima. Naomba sababu zetu zisikike vizuri, maana uamuzi ule niliusimamia mwenyewe na bado nausimamia.

Lami yetu ina upana wa mita 4.8. Lori lina mita 2.5 bila vioo. Malori mawili yakikutana yanahitaji zaidi ya mita 5, kwa hiyo moja lazima lishuke pembeni. Huko pembeni maji yasiyo na mtaro yamekula udongo chini ya lami, ukingo umemeguka na kubaki kama ngazi ya sentimita 15. Bodaboda ikishuka pale tairi la mbele linakwama wakati wa kupanda, dereva na abiria wanaruka. Na hapo hapo ndipo wanapopita watoto wa shule. Hali ni mbaya zaidi kwenye kona ya mashine ya kusaga, kona ya msikiti, na kwenye kalavati, ambalo kati ya kuta zake kuna mita 3.9 tu. Gari mbili hazipishani.

Kuomba barabara nzima maana yake ni kugusa vyumba vya watu na fremu za biashara kuanzia stendi hadi zahanati. Hapo mthamini lazima aje, jedwali la fidia liidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, na fedha zitafutwe kabla ya greda kuonekana. Zikichelewa, mwenye nyumba anakaa na alama ukutani, hajengi wala hauzi. Kwenye sehemu zetu tatu tunaingia kwenye uzio na bustani. Hakuna chumba cha mtu kinachovunjwa.

Kuhusu fidia, wengi wamechanganya mambo. Ile hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ya mita 30 kila upande kutoka katikati ni ya barabara kuu na za mkoa zilizo chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara yetu iko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na hifadhi yake ni ndogo kuliko hiyo. Swali la msingi ni moja: wewe umeifuata barabara au barabara imekufuata? Aliyejenga ndani ya hifadhi hana fidia. Aliyefuatwa ana haki yake kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, na hakuna wa kumlazimisha asaini kwamba anatoa bure. Anayetoa kwa hiari ajaze fomu, na mwenza wake asaini pia, kwa kuwa ardhi ya familia haitolewi na mtu mmoja. Fomu kadhaa zimekwama kwa sababu hiyo tu.

Barua ya mwanzo, iliyopelekwa na baadhi ya vijana wetu bila kupitia kamati, ilirudishwa. Ilisema barabara ni mbovu na inaua, basi. Haikuwa na kipimo hata kimoja, na karatasi za sahihi hazikuwa na kichwa cha ombi, kwa hiyo zilipotenganishwa na barua zikabaki majina matupu. Safari hii kila ukurasa una maelezo ya ombi juu, kisha jina, mtaa, simu na sahihi. Tumeambatanisha picha zenye futi iliyolazwa barabarani, na hesabu ya vyombo na waenda kwa miguu ya saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku ya gulio na siku ya kawaida. Ipo pia orodha ya ajali kutoka polisi, iliyoombwa kwa barua ya Mtendaji wa Mtaa. Nguzo za umeme na bomba la maji vimechorwa, kwani gharama ya kuvihamisha isipoingia kwenye makadirio mradi husimama katikati.

Tumeomba pia njia ya waenda kwa miguu, mtaro wa zege na kivuko karibu na shule. Barabara ikipanuliwa bila hivyo magari yataongeza kasi na watoto wataumia zaidi. Wanaotaka kujenga matuta barabarani usiku waache: bila kibali cha mamlaka ya barabara ni kosa, na tuta lisilo na alama litamuua mwendesha pikipiki.

Kinachokwamisha sasa ni muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa. Bila muhtasari wenye mahudhurio, ombi haliendi Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani hana cha kupeleka halmashauri, na meneja wa TARURA hana msingi wa kuliingiza kwenye mpango. Mkutano umeitishwa mara mbili, akidi haikutimia. Vikao vya bajeti ni Januari na Februari. Tukivikosa, tunasubiri mwaka wa fedha mwingine unaoanza Julai. Inauma kuona watu wamejaa kwenye mazishi ya aliyegongwa, halafu mkutano wa barabara una watu 19.

Wanachama tuko 148, ada ni Sh 24,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 53, waliolipa nusu 31, wasiolipa kabisa 64. Makusanyo ni Sh 1,644,000, matumizi Sh 1,410,000, salio Sh 234,000. Katika matumizi hayo Sh 600,000 ni za mpima ardhi, na ndizo zinazolalamikiwa zaidi na wasiolipa. Bila mpima tusingejua uzio upi uko ndani ya hifadhi.

Mwaka ujao tunatarajia kufuatilia ombi hadi Bodi ya Barabara ya Mkoa na, Mungu akijalia, kuanza na kalavati. Fomu za ridhaa na karatasi za sahihi ziko kwa katibu kila Jumamosi baada ya saa 10 jioni. Wenye viwanja kwenye kona ya msikiti waje na wenza wao.

Mwenyekiti